Shangazi, mafundi watatu wamenipa bei tatu za jiko moja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtumishi wa umma, mama wa watoto watatu. Serikali ilipohamia Dodoma tulihama nayo, mimi na mume wangu, tukapanga Area D, kisha tukajenga Ilazo. Tuliingia nyumba ikiwa haijaisha, kama wengi tunavyofanya, na tangu hapo kila mwaka tumemalizia kipande. Jiko ndilo limebaki. Ni chumba cha mita 4.2 kwa 3.1, sinki moja chini ya dirisha, kaunta ya zege tuliyobandika vigae, na milango ya mbao ambayo miwili imeshapinda. Juu hakuna kabati hata moja. Ukuta mmoja unatutenganisha na chumba cha kulia chakula.

Mwaka huu tumeuza kiwanja chetu cha Nzuguni, tukajumlisha na akiba, tunazo shilingi milioni 55. Tumekubaliana fedha hii iende jikoni. Mume wangu amependa majiko ya wazi: ukuta uondoke, kisiwa kiwe katikati na viti vyake virefu, oveni ya kupachika ukutani, jiko la induksheni (la umeme), mashine ya kuoshea vyombo, na juu kote jiwe la marumaru nyeupe. Na mimi nalitaka, Shangazi, sitakuficha. Nimepika kwenye kaunta ile miaka mingi.

Tumeita watu watatu. Fundi wa hapa Dodoma amesema milioni 34. Kampuni ya Dar es Salaam imesema milioni 58. Wakala anayeagiza kabati kutoka China amesema milioni 41, ila anataka asilimia 70 kabla ya mwisho wa mwezi kwa kuwa kontena linafungwa. Mume wangu anamtaka huyu wa tatu, na anataka tukope milioni 20 benki ili vifaa viwe vya daraja la juu. Fundi wa hapa ameugonga ukuta kwa ngumi akasema hauna kazi, anautoa siku moja.

Tena mama mkwe anaishi nasi. Ametoka Kongwa, na ugali wa uwele na mlenda anapika mwenyewe, kwa mkaa, mlango wa nyuma. Akisikia habari za jiko jipya ananyamaza. Na binti yetu mkubwa ana sendofu mwezi wa kumi na mbili, mume wangu anasema lazima wageni walikute jiko limekwisha. Sasa ni Septemba.

Bei ipi ndiyo ya kweli? Tukope au tusikope? Na mama nimweke wapi?

Mama wa Ilazo

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na lenye haraka: usimlipe wakala mwisho wa mwezi huu. Kontena likifungwa, lipo jingine. Asilimia 70 ya milioni 41 ni milioni 28.7, zaidi ya nusu ya fedha yenu yote, na mnataka kuitoa kabla hamjajua kisiwa kinaingia au hakiingii kwenye chumba hicho.

Bei zote tatu ni za kweli. Ila si za jiko moja. Hakuna mahali ulipoandika kwamba mmewapa mchoro, kwa hiyo kila mmoja amelipigia hesabu jiko alilolifikiria yeye. Fundi wa Dodoma huenda amehesabu kabati na ufundi, akaacha oveni na mashine ya vyombo mnunue wenyewe. Kampuni ya Dar huenda imeweka kila kitu pamoja na usafiri wa kilomita 450 na malazi ya watu wake. Wakala ametaja bei ya mzigo, na hapo muulize swali moja tu: bei hiyo inaishia wapi? Kama inaishia bandarini, bado kuna ushuru wa forodha, gharama za bandari, wakala wa forodha, lori la kuja Dodoma, na fundi wa kufunga. Na VAT ya asilimia 18 kwa bidhaa ya kuagiza haikokotolewi kwenye bei ya kabati peke yake. Hujumlishwa kwanza bima, usafirishaji na ushuru, ndipo asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo. Milioni 41 zinaweza kuipita ile 58 iliyowatisha.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwa mchoraji. Tafuta mbunifu majengo akupimie chumba na kuchora jiko kwa vipimo: kila kabati, kila droo, kila soketi, kila bomba. Kisha mkadiriaji majenzi aandae mchanganuo wa gharama, kila kitu na idadi yake na aina yake. Fani zote mbili zina bodi moja ya usajili, AQRB, kwa hiyo ombeni namba ya usajili bila aibu. Karatasi hiyo hiyo wapewe wote watatu, wajaze bei. Hapo ndipo utaweza kuwalinganisha.

Nimechukua vipimo vyako nikapiga hesabu ya kisiwa, maana ndicho roho ya mwenzako imekipenda. Chumba kina upana wa mita 3.1. Kabati za chini hula sentimita 60 kutoka ukutani. Mkiweka pande zote mbili zinabaki mita 1.9. Kisiwa cha maana kina upana wa sentimita 90, kinabaki mita 1 ya kugawana pande mbili, nusu mita kila upande. Mlango wa oveni ukifunguka hapo mtu hapiti. Nafasi ya kupita na kupikia inatakiwa iwe mita 1 kwa uchache, na 1.2 kama watu wawili wanapika pamoja. Kwa hiyo ukuta ukibaki, kisiwa hakuna. Ukiondoka, kisiwa kinawezekana, kwa kuwa upande wa pili kinapumulia kwenye chumba cha kulia.

Basi habari yote imeishia kwenye ukuta huo, na ukuta haupimwi kwa ngumi. Katika nyumba zetu nyingi kenchi za paa zimelala pia kwenye kuta za ndani, na mkanda wa zege unaozunguka juu ya madirisha umefungamana nazo. Ukitoa ukuta wa namna hiyo bila kuweka boriti, nyufa huenda zisitokee siku hiyo. Zinaweza kutokea baadaye, paa likianza kushuka. Dodoma nasi tumekaa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, mitetemo midogo ya ardhi tunaijua. Mleteni mhandisi apande darini aangalie kenchi zimekaa juu ya nini, na muulize Jiji kuhusu kibali kabla ya nyundo ya kwanza. Mhandisi akisema hapana, msihuzunike. Ombeni atoboe dirisha pana, mita 1.8 hivi, lenye linta yake, yaani boriti ya juu ya dirisha, kaunta ipite hapo na viti virefu vikae upande wa kulia chakula. Mimi mwenyewe, kwa chumba chako, ningechagua hilo hata mhandisi akiruhusu ukuta wote. Ni nafuu, na harufu ya dagaa wa kukaanga haitalala kwenye makochi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma ninapoona majiko ya gharama hapa mjini. Watu wanamalizia fedha kwenye kinachoonekana, na yaliyo ndani ya ukuta wanayaacha kama yalivyokuwa. Kabati unaweza kubadilisha mlango baada ya miaka mitano. Bomba lililo nyuma ya jiwe na vigae hulifikii tena bila kuvunja.

Maji yetu unayajua. Sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mengi yana chumvichumvi. Angalia ndani ya birika lako la umeme, ule ukoko mweupe ndio utakaojaa kwenye mashine ya vyombo na kwenye vioo. Mkiinunua, iwe na kilainisha maji ndani yake, na mkubali kununua chumvi yake maalumu kila mara. Ya mezani haifai. Mabomba meusi yanayopendwa siku hizi yataonyesha kila tone. Chagua yenye rangi ya chuma iliyofifia.

Kuna na nguvu ya maji. Kila mita 10 za kimo hukupa baa 1 ya msukumo. Tangi lililo mita 4 juu ya bomba linakupa baa 0.4 tu, wakati mashine nyingi za vyombo zimeandikwa zinahitaji kuanzia baa 0.5 hivi, na bomba la kichwa cha kuvuta nalo litatoa kamba nyembamba. Pampu ndogo ya kuongeza msukumo iwemo kwenye mchoro tangu mwanzo, na soketi yake. Maji machafu nayo yana sheria yake. Bomba la sinki linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Sinki likihamia kwenye kisiwa kilicho mita 4 kutoka ukuta wa nje, mnahitaji kushuka sentimita 10 chini ya sakafu, yaani kuvunja zege. Acha sinki lako chini ya dirisha. Mahali pale ni pazuri, una mwanga na unawaona watoto uani.

Umeme ndio ungenikosesha usingizi. Jiko la induksheni la plati nne linaweza kuvuta wati 7,000, oveni 3,000, birika 2,000, maikrowevu 1,200. Jumla 13,200. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea zaidi ya 57, kabla ya pampu, friji na pasi ya watoto. Kwa laini ya fezi moja iliyofungwa nyumba ilipojengwa, hiyo ni kuchezea moto. Au muombe TANESCO fezi tatu na mtandike nyaya upya, au, na hili ndilo ninalokushauri, jiko la juu liwe la gesi na oveni ibaki ya umeme ikiwa na waya na breka yake peke yake. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kibanda chenye matundu chini, bomba lipite ukutani kuingia ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni na kujificha ndani ya kabati.

Na mama mkwe. Mwanangu, ukimya wa mtu mzima katika nyumba ya mwanawe ni maneno. Anasikia mnazungumza oveni ya ukutani, na sufuria lake la ugali wa uwele halina mahali kwenye mazungumzo hayo. Mkaa usiingie ndani kwa namna yoyote, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Lakini usimjengee kibanda cha kumweka pembeni. Jenga jiko la pili mlango wa nyuma, lenye paa, sakafu ya vigae visivyoteleza, taa, sinki lenye maji, na kaunta. Pima kaunta kwa mwili wake: asimame, akunje mkono, kisha shuka sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kiwiko. Za kiwanda huja na kimo cha sentimita 90, na mama mfupi akisonga ugali kwenye kimo hicho mabega yanamuuma. Weka hapo jiko banifu lake na plati mbili za gesi, na kuni au mkaa upungue kwa hiari yake mwenyewe.

Utaona wewe ndiye utakayelitumia zaidi. Maharage, makongoro, samaki, maandazi ya wageni, vyote vitapikwa huko, na jiko la ndani litabaki safi. Hata feni ya kufyonza moshi haitahitaji kuwa kubwa mno. Dari likiwa na kimo cha mita 2.9 hivi, chumba chako kina kama mita za ujazo 38. Feni ibadilishe hewa hiyo mara 10 kwa saa, yaani itoe mita za ujazo 380 kwa saa kwa uchache, na bomba lake litoke nje ya ukuta. Zile zinazochuja na kuirudisha hewa mle mle ndani, kwa mapishi yetu ya vitunguu na mafuta, usinunue.

Kuhusu marumaru nyeupe naomba umzuie mwenzako kwa upole. Limau, siki na nyanya huula mng'aro wake, na bizari huacha doa. Jiwe la kutengenezwa la kwatzi halina shida ya madoa sana, lakini lina gundi ndani yake, sufuria iliyotoka motoni huliunguza. Granaiti ya rangi ya kati inastahimili maisha yetu. Ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo, basi. Kabati ziwe za bodi zinazostahimili unyevu, kingo zote zimezibwa, na chini ya sinki iwe plaiwudi ya kuzuia maji, si MDF ya kawaida, bodi ya unga wa mbao, ambayo ikilowa huvimba kama mkate. Mkitaka milango ya mninga, ni mbao nzuri sana, lakini dai iliyokauka kweli na ikae Dodoma wiki kadhaa kabla ya kuchongwa. Kiangazi chetu ni kikavu na chenye upepo. Mbao iliyotoka pwani na unyevu wake husinyaa huku na kuachia viungo. Nadhani ndicho kilichoipindisha ile milango yako miwili. Fedha ya ziada ikipatikana, ipeleke kwenye bawaba na reli za droo. Hivyo ndivyo mikono yenu itagusa kila siku.

Mkopo, hapana. Milioni 55 zinatosha jiko la hadhi mkizigawa kabla ya kuingia dukani. Kwanza toa milioni 8 ziwekwe pembeni, zisiguswe, kwa kuwa ukuta ukifunguliwa hutoa mambo yake. Milioni 2 za michoro, ukadiriaji na mhandisi. Milioni 10 za kuvunja, uashi, maji, umeme, gesi na jiko la nyuma la mama. Milioni 16 za kabati, 6 za granaiti, 8 za vifaa, 5 za sakafu, vigae, rangi na taa. Hizi si bei za soko, ni mipaka. Kitu kikivuka mpaka wake, kinapunguzwa mle mle, au kinasubiri. Mashine ya vyombo inaweza kusubiri mwaka mzima. Iachieni nafasi ya sentimita 60, bomba na soketi, siku ikija inaingia tu.

Na fedha itoke kwa hatua. Vifaa vikubwa lipeni wenyewe dukani, mpewe risiti ya EFD yenye jina lenu, dhamana iwe mkononi. Ufundi ulipwe kazi inapoonekana: mabomba na nyaya zikijaribiwa kabla hazijafunikwa, kabati zikisimama, jiwe likikaa. Pigeni picha kila ukuta kabla ya kupakwa plasta, na futi ya kupimia ionekane kwenye picha, ili siku ya kutoboa mjue waya umepita wapi. Zuieni asilimia 10 mpaka mmepikia miezi mitatu. Yote haya yaandikwe kwenye mkataba, hata kama fundi ni jirani. Kampuni muiulize usajili wake CRB, bodi ya makandarasi.

Imebaki sendofu. Desemba haiwezekani, na mwambie mwenzako hivyo mapema asije kumwahidi mtu. Michoro peke yake inataka wiki kadhaa, mzigo wa baharini unataka miezi, na granaiti haipimwi mpaka kabati zimefungwa na kunyooka. Mkivunja Oktoba, mtawapikia wageni kwenye vumbi la saruji, na mvua zitakuta kazi ya nje iko wazi. Ila jiko la nyuma linawezekana kabisa kabla ya Desemba, na ndilo hasa litakalohitajika siku ya shughuli, masufuria makubwa yale. Lianze hilo, mama achague lielekee wapi, michoro ya ndani iendelee taratibu, na nyundo iingie mwezi wa tano mvua zikikatika. Wakala wa kontena mwambieni mtampelekea mchanganuo wa gharama ukiwa tayari, naye ajaze bei yake mpaka mlangoni kwenu Ilazo, kama wenzake.